Alama 32 za mhadhiri mwandamizi: ni maandiko yapi yanayohesabiwa?

Mkomani
Assalaam aleikum. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya kupandishwa vyeo vyuoni. Mhadhiri wa Kiswahili, kampasi ya Lamu, ana uzamivu na ana miaka minne katika cheo hicho. Maandiko yake ni sita: makala mbili zilizotoka kabla hajateuliwa mhadhiri, makala mbili za peke yake zilizotoka baadaye, makala moja aliyoandika na wenzake wawili (yeye ni wa pili), na utenzi alioutoa katika hati za Kiarabu akaunakili kwa herufi za Kirumi. Nafasi za mhadhiri mwandamizi zimetangazwa na faili linatakiwa makao makuu baada ya wiki tatu. Je, hizo sita zinatosha? Na ule utenzi una alama?

Mwalimu wa Shela
Waaleikum salaam. Hazitoshi, na ni vizuri alijue hilo sasa kabla ya kuingia gharama ya kuchapa nakala.

Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya wa 2014 unataka mhadhiri mwandamizi awe na uzamivu, awe amefundisha angalau miaka mitatu akiwa mhadhiri, na awe na alama 32 za machapisho, nyingi zikiwa za majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Makala kamili ya jarida la aina hiyo ni alama 8. Wengi hujumlisha kila walichoandika tangu shahada ya uzamili, na hapo ndipo wanapokwama. Alama hizo 32 ni za kazi ulizotoa ukiwa katika cheo cha sasa. Kila ukipanda unaanza upya: profesa mshiriki 48, profesa 60.

Basi tuhesabu. Mbili za kabla ya uteuzi zinatoka. Ziandikwe kwenye wasifu lakini hazina alama hapa. Mbili za peke yake ni 16. Ile ya watu watatu hugawanywa, na mwandishi mkuu ndiye anayechukua fungu kubwa, kwa hiyo wa pili hapati 8. Jumla haifiki 24. Hata utenzi ukikubaliwa kama makala kamili, bado hafiki 32.

Ashike pia kanuni za chuo chake mwenyewe. Mwongozo wa Tume ni kiwango cha chini, na chuo kinaweza kuweka sharti lililo juu ya hapo. Aiombe ofisi ya msajili fomu ya kujitathmini na ajaze alama mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla kamati haijamjazia.

Ngomeni Malindi
Naongeza onyo, kwa sababu wiki tatu na upungufu wa alama ndiyo hali inayowatia watu mikononi mwa majarida ya kitapeli. Utaletewa barua pepe yenye sifa tele, makala itoke ndani ya siku tano, ulipe kwa simu. Usilipe. Kamati ikiligundua jarida hilo, unapoteza alama zake, na hata zile makala zako safi zinaanza kutazamwa kwa jicho la shaka.

Namna ya kukagua: usibofye nembo zilizopachikwa kwenye tovuti ya jarida, maana nembo hunakiliwa. Fungua DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria yaliyokaguliwa, mwenyewe ulitafute jarida kwa namba yake ya ISSN. Katika orodha ya Scopus, hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, tazama miaka: jarida linaweza kuwa liliwahi kuwemo kisha likaondolewa, nalo likaendelea kujitangaza. Kwa majarida ya Afrika kuna tovuti ya AJOL, inayoyakusanya mahali pamoja, ambayo pia huonyesha daraja la uendeshaji wa jarida. Kisha chukua namba ya DOI ya makala yoyote ya zamani (DOI ni utambulisho wa kudumu wa makala, huanza na 10) uiingize doi.org. Isipofungua kitu, ondoka. ISSN peke yake haithibitishi ubora. Ni namba ya utambulisho tu, kama namba ya chombo pale forodhani. Haisemi kama chombo kinavuja.

Orodha ya Beall, mkutubi wa Marekani aliyeorodhesha majarida ya kitapeli, msiitegemee. Mwenyewe aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na nakala zinazozunguka si zake.

Jambo moja zaidi: kuna wanaonakili tovuti ya jarida halisi, jina na ISSN vilevile, wakabadilisha akaunti ya malipo tu. Anwani ya tovuti ichukuliwe kwa mchapishaji au kwenye DOAJ, isichukuliwe kwenye barua pepe.

Kitabu na Kalamu
Kuhusu utenzi, hapa ningependa tusimame kidogo, kwa sababu watafiti wa Lamu, Pate na Siyu wanapoteza alama nyingi kwa kazi ngumu kweli kweli.

Kunakili hati kwa herufi za Kirumi na kuishia hapo huonekana na wakaguzi kama kazi ya ukarani, hata kama imekula miaka miwili. Si haki, lakini ndivyo inavyosomwa. Kinachoibadili kuwa utafiti ni vitu hivi: maelezo ya hati yenyewe (iko kwa nani, kurasa ngapi, wino, tarehe ikiwepo), kulinganisha nakala mbili au zaidi na kuonyesha zinapotofautiana, kueleza kwa nini umesoma neno hivi na si vile, na utangulizi wenye hoja. Hati za Kiarabu zilizoandikwa Kiswahili mara nyingi hazitofautishi *p* na *b*, au *e* na *i*, kwa hiyo kila beti ina maamuzi. Maamuzi hayo ndiyo utaalamu. Yakiachwa kichwani mwa mhariri, mkaguzi hayaoni. Lugha ya Kiamu, lahaja ya Lamu, isisawazishwe kuwa Kiswahili sanifu kimyakimya, maana *mato* ikigeuzwa *macho* vina vinaweza kuvunjika.

Kazi ya namna hiyo ipelekwe jarida linalohakikiwa, kama *Kiswahili* la TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au *Swahili Forum*. Kuandika kwa Kiswahili hakupunguzi alama. Kibali cha wenye hati kiwe cha maandishi, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, iwe mkononi tangu mwanzo.

Mkomani
Ahsanteni, nimeelewa asipeleke mwaka huu. Swali la mwisho: jina lake limetoka kwa tahajia tatu, Mohamed, Mohammed na Muhammad. Kuna athari?

Mwalimu wa Shela
Ipo. Mitambo inayohesabu machapisho itamgawanya kuwa watu watatu na kila mmoja ataonekana ana kidogo. Afungue ORCID, utambulisho wa mtafiti mtandaoni, ni bure, apate namba yake ya tarakimu 16 na aunganishe makala zote humo. Kisha achague tahajia moja, iwe ile ya kitambulisho, asiiache tena.

Mwaka huu wa kungoja akusanye vielelezo: barua ya uteuzi yenye tarehe (ndiyo inayoamua makala ipi inahesabiwa), makala nzima na ukurasa wa jarida unaoonyesha bodi ya wahariri, na barua ya shule ya uzamili kwa kila mwanafunzi aliyemsimamia mpaka akamaliza. Mwanafunzi anayeendelea hahesabiwi kama aliyemaliza. Barua ya jarida kwamba makala "imekubaliwa" nayo isihesabiwe kuwa chapisho.

Na faili la Lamu lisiachiwe siku ya mwisho. Lina safari ya kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, kwa boti, kisha basi hadi Mombasa. Nakala zitiwe ndani ya nailoni, na anayelipeleka asiondoke msajilini bila muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.