Vimbunga viwili vikikaribiana vinaungana?

mama_ndizi: Wakuu nisaidieni, shemeji yangu yuko Mtwara anavua, kanipigia ati vimbunga viwili vikikutana vinakuwa dubwana moja, mi niko zangu Mbuyuni hapa Moshi nauza ndizi, upepo wa kupeperusha hata kitenge hakuna, ila roho haijatulia. Inajulikanaje mapema?

njoro_juu: Dada pole. Kuungana ni nadra. Umbali kati yao ukifika kama kilomita 1,400 au chini ya hapo vinaweza kuanza kuzungukana, huku kusini mwa ikweta vinafuata mshale wa saa. Mjapani Fujiwhara ndo alieleza hayo miaka ya 1920. Kikubwa kikizidi kinakimeza kidogo, kama kimbunga Seroja kilivyokimeza Odette karibu na Australia, 2021.

kijenge_boy: Na nguvu hazijumlishwi kama hela za vikoba, mara nyingi kidogo kinachanwachanwa tu. Shida ni kutabiri, ukikosea kidogo kimoja kiko wapi na kina ukubwa gani basi njia ya vyote viwili inaharibika, ndo maana modeli za kompyuta zinapishana kila baada ya masaa machache.

mama_ndizi: Asanteni. Namwambia mtumbwi ubaki mchangani mpaka TMA, wale wa hali ya hewa, waseme, japo mbishi yule.