Nilimsema mtu mbele ya kwaya nzima, radhi nikaiombee wapi?

kiongozi_kwaya
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri na msinionee aibu. Mimi ni kiongozi wa kwaya, mwaka wa tatu sasa. Jumamosi kwenye mazoezi watu walichelewa sana na mimi nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja hata sijala, sasa akaingia dada mmoja wa sauti ya pili saa nzima imeshapita, nikasema kwa sauti kabisa "wengine mmeokoka midomoni tu, bora mbaki nyumbani". Watu wakacheka. Yeye hakusema kitu, akaimba mpaka mwisho. Jumapili hakuja, jioni akajitoa kwenye grupu. Ndo nikaja kuambiwa mama yake kalazwa na siku ile alikuwa anatokea hospitali.

Nimemtumia meseji "samahani kama nilikukwaza", ameisoma, kimya. Wenzangu kwenye uongozi wanasema niishie hapo hapo, eti nikiomba radhi mbele ya kwaya nitajishusha na hawatanisikiliza tena. Nifanyeje?

mama_wa_maombi
Pole mwanangu, ila hiyo meseji yako nayo ni kosa la pili. "Kama" ya nini wakati unajua kabisa umemkwaza? Halafu samahani tunaambiana hata tukipishana mlangoni. Mtu uliyemwambia hajaokoka unamwambia "nimekukosea, nisamehe", basi, usiongeze kwamba ulikuwa na njaa wala kwamba watu walichelewa.

msoma_neno
Mtumishi kuhusu kujishusha, soma Waamuzi sura ya 8 halafu ruka mpaka ya 12. Ni kabila lile lile la Efraimu na lalamiko lile lile, kwa nini ulienda vitani hukutuita. Wanamjia Gideoni, kiongozi wa Israeli, wamewaka, yeye anawaambia mimi nimefanya nini kulinganisha na ninyi, Mungu kawapa ninyi wakuu wa Midiani, Orebu na Zeebu. Hasira ikashuka pale pale, na kumbuka huyu ndo kashinda vita, angeweza kabisa kuwatambia. Sasa sura ya 12 wanamjia Yeftha, kiongozi mwingine wa baadaye, yeye anajibizana nao, niliwaita hamkuja, na kilichofuata ni vita ya ndugu kwa ndugu, Waefraimu 42,000 wakafa. Gideoni alijishusha na hakupungukiwa kitu.

simba_wa_yuda77
Msoma neno umeruka kitu hapo, wale walikuwa wameshamtishia Yeftha kumchoma moto yeye na nyumba yake, si kwamba mdomo wake tu ndo ulileta vita. Na mimi naona tunambebesha huyu ndugu mzigo mkubwa mno. Kiongozi lazima akemee! Paulo alimkemea Petro mbele ya watu wote kule Antiokia, ipo Wagalatia 2. Siku hizi kila mtu anakwazika, ukimwambia mtu wahi mazoezi anajitoa grupu, tutaongozaje?

msoma_neno
Kweli walimtishia, hapo umenisahihisha. Ila kwa Paulo na Petro angalia vizuri, Petro alikuwa anakula na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, halafu walipofika Wayahudi waliotoka kwa Yakobo akajitenga, na wengine wakamfuata mpaka Barnaba. Kosa lilikuwa la wazi, linapotosha wengi, na Paulo alikuwa na habari kamili. Huyu dada kachelewa tu na hakuna aliyemuuliza kwa nini. "Umechelewa" ni kukemea, "hujaokoka" ni hukumu, na hiyo kazi hatukupewa. Paulo huyo huyo kwenye Matendo 23 alimwita mtu ukuta uliopakwa chokaa, alipoambiwa ni kuhani mkuu akasema pale pale barazani sikujua, na imeandikwa usimnenee vibaya mkuu wa watu wako. Hakusubiri kikao kiishe amvute pembeni.

simba_wa_yuda77
Hilo la "hujaokoka" nakubali, alivuka mpaka. La kuchelewa sijaliachia.

sauti_ya_tatu
Mimi niliwahi kuwa huyo dada, kanisa lingine, miaka imepita. Kiongozi alinifuata nyumbani akaniomba msamaha vizuri tu nikamsamehe, lakini wale waliosikia nikisemwa hawakusikia nikiombwa radhi, nikawa naingia kanisani najua wanachokumbuka. Kwa hiyo kaka anza na yeye peke yake halafu urudi kwenye kwaya. Na kitu kimoja, tafadhali usisimame pale ukatangaza kwamba mama yake anaumwa ili watu wamwonee huruma. Yeye hakuwaambia, alikaa kimya akaimba. Muulize kwanza. Sisi walokole tuna hii tabia ya "tumwombee dada yetu anapitia hiki na hiki" na hapo siri ya mtu imeshasambaa kabla hatujafumba macho.

kiongozi_kwaya
Asanteni, dada sauti ya tatu hilo la mama yake nilikuwa nimelipanga kabisa kulisema, Mungu anisamehe. Nimempigia hakupokea. Nimeandika upya, bila "kama". Amejibu neno moja tu, "sawa". Sitamsukuma. Jumamosi nitasimama niseme nilikosea, niliyoyasema si ya kweli na sikuwa na haki ya kuyasema, hospitali siitaji. Ila wale waliocheka, niwaseme na wao kidogo?

mama_wa_maombi
We! Hapana. Wewe ndo ulianzisha wao wakaitikia. Ongelea la kwako ukae chini. Na hiyo Jumamosi kula kwanza ndo uende.