Tupeane uzoefu: ndugu yako aliacha unga (heroini), sasa amerudia. Mlimpokeaje?

Habari zenu wakuu. Nauliza hasa waliofika hapa tulipofika sisi. Mdogo wangu alitoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, akiwa mzima, kanenepa, usiku analala. Juzi nimemkuta anasinzia huku anaongea, mboni zimesinyaa. Mama analia, baba anasema asikanyage tena nyumbani. Kuomba tunaomba. Nataka kujua nyie siku zile za mwanzo mlifanya nini hasa.

Dada Mkubwa

Pole sana mkuu. Kwetu ni kaka. Jambo moja mwambieni baba kabla ya yote: mtu aliyekaa muda bila unga, mwili wake umeshasahau ule ukali. Kete aliyokuwa akivuta zamani bila shida, leo inaweza kumuua. Ndiyo maana hatari ya kufa hupanda sana mtu akitoka soba au gerezani. Ukimfukuza sasa hivi, unampeleka akatumie peke yake pahala ambapo hakuna wa kumwona.

Sisi tuliondoa komeo la chumba chake na la choo. Wapo waliosema tunamlea. Usiku mmoja nikasikia anakoroma kwa kukatika-katika, kisha kimya, kisha tena. Midomo imegeuka rangi. Nimemwita, nimemsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, haitiki. Tukamlaza ubavu, mmoja anamwangalia pumzi, tukakimbia naye hospitali. Akachomwa naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidiwa na unga, baada ya dakika chache akafumbua macho na kutaka kuondoka. Daktari akamkatalia: sindano ile inaweza kuisha nguvu unga ukiwa bado mwilini, na pumzi ikasimama mara ya pili. Lile komeo lingekuwepo, tungemkuta asubuhi.

Mama Watatu

Mwanangu, mimi ni mzazi, na huyu wangu amerudia zaidi ya mara moja. Chakula na kitanda hanyimwi. Pesa mkononi hapewi, hata ya nauli. Naenda naye nalipa mwenyewe. Na masharti tunaongea asubuhi akishakunywa methadoni yake, dawa ya kliniki anayopewa badala ya unga. Akiwa kwenye arosto, yaani mwili unadai unga, jasho linamtoka, miayo haiishi, tumbo linamkata, atakubali lolote mradi umwache atoke. Ahadi ya saa ile usiishike, na akiivunja usimwite mwongo.

Nimetoka Huko

Naandika kama niliyekuwa teja. Familia nyingi hudhani kinachoturudisha ni arosto. Arosto ya unga ni kali, ila siku za mwanzo zikipita inashuka. Mimi nilirudishwa na maskani ile ile na hela ya kibarua. Dada yangu hakuniuliza "kwa nini umetuaibisha". Aliuliza nilikuwa wapi, na nani, nimetoka kufanya nini. Tukaona ni kila nikilipwa. Tukakubaliana malipo yangu yapitie kwake, na siku hiyo mtu anifuate kazini. Maswali yale yalinisaidia kuliko vikao vyote vya ukoo.

Lingine: wapo watakaowaambia methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Inazuia arosto, mtu anaamka anaenda kazini. Bado nainywa. Msimharakishe kuiacha ili mpate kutangaza kwamba amepona. Kuiacha mapema ndiko kunakorudisha wengi.

Mke na Mama

Mimi natofautiana kidogo na Dada Mkubwa. Mume wangu akirudia alikuwa anapiga, na watoto wanaona. Tulimhamishia kwa kaka yake, nikawa nampigia kila jioni. Kumpenda sikuacha. Lakini pakiwa na kipigo, wasio na nguvu ndio wanaolindwa kwanza, hilo sibishani na mtu.

Na kama mgonjwa wenu anakunywa pombe kali kila siku, au vidonge vya usingizi, tafadhali msimfungie ndani ili aache ghafla. Anaweza kupata degedege akafa. Huyo ni wa hospitali.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, mmenitoa mbali. Baba nimemsomea, amekubali alale nyumbani. Tatizo mwenyewe kliniki hataki kuisikia, anasema ataacha peke yake. Kuna aliyepitia hili?

Mama Watatu

Wangu alikataa hivyo hivyo. Nilitangulia mwenyewe bila yeye: nikaulizia wanapokea siku gani, saa ngapi, wanataka karatasi zipi, nikaziandaa kabisa. Sikumsukuma. Alfajiri moja kaamka na arosto, kachoka, akasema mama twende. Sikutoa hotuba. Nilivaa viatu tukatoka, maana kufika saa nne angekuwa ameshabadili mawazo.