Naomba ushauri: sauti inanipasukia juu kwenye "You'll Never Walk Alone"

Tena_wa_Mwanga:
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, naimba sauti ya tena (ya juu ya kiume) kwenye kwaya ya kanisani mwaka wa saba sasa. Dada yangu anaolewa mwezi ujao, ameniomba nimwimbie huo wimbo kwa kinanda tu. Marehemu baba alikuwa Liverpool damu, na huo ndio wimbo wa mashabiki wao, kwa hiyo nyumbani kwetu una uzito wake. Sitaki kuuimba kama uwanjani. Nautaka ule wa jukwaani, sauti pana, ya kiopera.

Mwanzoni naenda vizuri. Ukianza kupanda, kidevu kinanyanyuka, mishipa ya shingo inasimama, na kule mwisho sauti inapasuka. Kuna mwalimu aliniambia nisukume kutoka kifuani, nikisukuma inazidi. Jana nimerudia zaidi ya mara kumi ufukweni Kibirizi, leo nimeamka sauti imekauka. Nakunywa tangawizi na asali. Nisaidieni.

Sauti_ya_Kwanza:
Pole kaka. Kwanza nyamaza siku mbili, na usinong'one, kunong'ona nako kunachosha. Tangawizi kunywa kama inakuliwaza, ila ujue inapita njia ya chakula, haigusi nyuzi za sauti. Maji ya kutosha siku nzima ndiyo yanayosaidia. Ukiona wiki mbili tatu zinapita bado unakwaruza, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Mzee_wa_Solfa:
Kijana, mimi niko Tabora, nimefundisha kwaya muda mrefu. Koo lako ni zima, unachofanya ni kubeba sauti ya chini kwenda nayo juu bila kubadilisha kitu. Kwa tena wengi kuna daraja kati ya noti za D na G zilizo juu ya C ya katikati ya kinanda. Hapo sauti ya kifua lazima ianze kuchanganyika na ya kichwa. Ukigoma, inapasuka.

Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu na mrija. Tumbukiza mrija kidogo tu, imba "uu" ndani yake ukipanda na kushuka d-r-m-f-s-f-m-r-d (do, re, mi, fa, so, kisha unarudi). Mapovu yatoke sawasawa. Yakiruka ghafla, hapo ndipo unaposukuma. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Halafu fanya "brrr" ya midomo, kama mtoto anayeendesha gari la mabati, upite darajani nayo.

Pumzi: lala kwenye mkeka, mkono mmoja ubavuni. Vuta, mbavu zifunguke, kisha toa "sss" huku ukizizuia zisianguke haraka. Hicho ndicho Wataliano wanachokiita appoggio.

Irabu sasa, na hapa Mungu ametupendelea: a e i o u zetu ni safi, karibu sana na za Kitaliano. "Walk" iimbe kwa "o" yetu. Kwenye "alone" kaa juu ya "o", ile "u" ya mkiani iguse mwisho kabisa. Ukipanda, usipanue mdomo kwa upana kama anayecheka. Urefushe kwenda chini, "a" ielekee "o" kidogo.

Mkali_wa_Maiki:
Mzee, kwa nini ajitese? Ukumbini kuna maiki, aimbe kawaida.

Mzee_wa_Solfa:
Maiki atumie, sikatai. Ila wimbo huo ni wa mwaka 1945, wa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, *Carousel*, wa watunzi Rodgers na Hammerstein, enzi ambazo mwimbaji alijaza ukumbi kwa mwili wake. Miaka minne baadaye, kwenye *South Pacific*, walimchukua Ezio Pinza, mwimbaji wa besi (sauti nzito ya kiume) wa Metropolitan Opera ya New York. Nyimbo zao zimejengwa hivyo: zinaanza chini, zinapanda taratibu. Ukizibana kooni unazivunja.

Sauti_ya_Kwanza:
Naongeza: mpiga kinanda ashushe toni nzima. Do inahama, wimbo haubadiliki. Na nusu ya kwanza imba polepole, akiba ibaki.

Tena_wa_Mwanga:
Shikamoo mzee, na dada asante sana. Nilinyamaza siku mbili kama mlivyosema, sasa nina siku ya nane na mrija. Mapovu bado yanaruka nikigusa fa, lakini shingo imelegea, mama mwenyewe ameona. Tumeshusha toni moja. Jana nimefika mwisho mara mbili bila kupasuka, ya tatu nikaacha. Mzee, "o" ya mwisho naishika mapigo mangapi?

Mzee_wa_Solfa:
Marahaba. Shika kadiri mbavu zinavyobaki wazi. Zikianza kushuka, malizia "u", funga.