Nataka kwenda Kitulo kupiga picha za maua, niende mwezi gani na nijiandae vipi?

Mjukuu wa Makete

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa aliyewahi kufika Kitulo, ile hifadhi ya maua kule Makete ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mama yangu ni Mkinga, kazaliwa na kukulia huko juu, akaja kuolewa Morogoro, na tangu mgongo uanze kumsumbua safari ndefu hawezi tena. Kila mvua zikianza lazima aseme "saa hizi kule kwetu pa kukanyaga hakuna, ni maua tu" na sisi watoto wake tumesikia hayo miaka yote ila hakuna hata mmoja aliyekwenda kuona. Sasa nimeamua niende mwenyewe nikapige picha, nizisafishe kubwa nimtundikie chumbani kwake.

Maswali yangu ni haya. Niende mwezi gani, maana mmoja kaniambia Julai ndio pazuri kwa sababu ni kukavu na mwingine kaniambia Julai nitakuta majani matupu. Halafu nina simu ya kawaida tu, kuna rafiki yangu anataka kuniazima kamera yake ile ya kubadilisha lenzi lakini siijui kuitumia, sasa nibebe ipi? Na usafiri je, naenda hadi Mbeya mjini au nashuka Chimala?

Halafu kitu kinachoniumiza kichwa, nilijaribu kupiga maua ya bustani ya hapa mtaani kujifunza na kila picha imetoka kama zulia, rangi nyingi lakini jicho halipati pa kutua. Naogopa nifike kule nirudi na picha mia tano za namna hiyo halafu mama asione kitu.

Fundi Lenzi

Mkuu achana na Julai. Juni mpaka Agosti kule ni baridi kali na ukungu, kuna asubuhi unakuta nyasi zimepigwa na jalidi nyeupe kabisa, na maua yamelala. Uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari kwa hiyo usipime kwa baridi ya Mbeya mjini. Maua yanafuata mvua, yanaanza kuchanganya mwishoni mwa Novemba yanaenda mpaka Aprili, na sio kwamba yanachanua yote siku moja yakaisha, haya yakisinyaa mengine yanapokea, unaweza kwenda Desemba ukarudi Machi ukadhani ni sehemu mbili tofauti. Mimi nimeenda mara nne na ningeambiwa nichague mwezi mmoja ningechagua Februari, ndio niliyokuta maua ya okidi mengi kuliko safari zangu nyingine zote.

Hilo la zulia nalijua sana maana picha zangu zote za safari ya kwanza zilikuwa hivyo hivyo. Shida sio kamera, shida ni kwamba tunapiga tukiwa tumesimama wima tunaangalia chini, ua linageuka doa. Shuka chini. Piga magoti, ikibidi lala kwa tumbo kabisa mpaka lenzi iwe usawa mmoja na ua, hapo ua moja linakuja mbele limejaa, yale mengine yanabaki nyuma rangi zimefifia, na juu yake unaipata milima na mawingu. Hiyo ndiyo picha ambayo mama ataitazama ajue ni kwao, kwa sababu maua hata Morogoro yapo ila ile milima ya Livingstone haipo.

Wingu likifunga usinune. Jua la saa sita linaziunguza rangi nyekundu na njano, ua linatoka bapa, lakini chini ya wingu jepesi unaona mpaka mishipa ya petali. Asubuhi saa moja, ukungu unapoanza kuinuka na matone bado yapo kwenye majani, mimi huo muda siuachi hata kwa chai. Kwenye simu gusa skrini juu ya ua lenyewe ili fokasi ikae hapo, halafu shusha mwanga kidogo. Upepo wa kule hautulii, kwa hiyo piga mfululizo kumi kumi uje uchague moja iliyotulia, na kama utabeba kamera weka shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, 1/500 ya sekunde au kasi zaidi. Betri za akiba weka mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili maana baridi inazimaliza haraka. Na ukitoka kwenye baridi usiingie ndani ya gari la joto kamera ikiwa wazi, iache kwenye begi kwanza, vinginevyo kioo kinajaa mvuke na unaweza kupoteza nusu saa nzima unafuta.

Dereva wa Nyanda

Mimi nijibu la barabara. Ukitoka Morogoro Chimala unaikuta kabla ya Mbeya, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda mpaka mjini halafu urudi nyuma kilomita 78. Shuka Chimala, hapo unaiacha barabara kuu unapanda mlima kwenda Matamba. Kile kipande tunakiita Hamsini na Saba, ndio idadi ya kona zake, yaani gari linajikunja linajikunjua na kila ukigeuka nyuma unaliona bonde la Usangu lote limelala kule chini. Kutoka Matamba mpaka uwandani hesabu kama saa nzima. Njia nyingine ni ya Isyonje unapoacha barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, hiyo inamfaa anayeanzia Mbeya.

Sasa maua yako yanataka mvua na mvua ndio adui wa hizo njia. Tafuta gari refu linalovuta matairi yote manne na dereva mwenyeji. Niliwahi kupandisha watu na gari la chini mwezi wa kwanza kwa sababu walinibembeleza, tukanasa jioni kwenye tope, mvua inapiga, na mtoto mdogo tulikuwa naye, vijana wa kijiji ndio waliokuja na majembe tukatoka saa tano usiku. Sijarudia tena na sitarudia, hata mtu aniongezee pesa. Na usipange kupanda na kushuka siku ile ile, ukifika saa sita mchana saa nane ukungu umeshuka, utakuwa umeona nini?

Mwalimu wa Bailojia

Mjukuu hongera kwa wazo hilo, mama atafurahi sana. Lakini Fundi Lenzi hapo kwenye "lala kwa tumbo" naomba nikusahihishe, na nasema kwa heshima. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo ya kwanza hapa kwetu kutengwa hasa kwa ajili ya maua, sio simba wala tembo. Kuna aina kama 350 za mimea na kati ya hizo okidi za ardhini ni 45. Nyingi ya okidi hizo ni ndogo na zimejificha ndani ya nyasi, mtu anajilaza kupiga picha ya ua moja refu jekundu huku kifua chake kimevunja mashina matatu ya kitu ambacho hakukiona.

Na okidi zimeshapata mateso ya kutosha. Zina viazi chini ya ardhi, watu wa upande wa Zambia wanaviita chikanda, vinatwangwa vikachanganywa na unga wa karanga vikapikwa mpaka vinashikana, unakata vipande kama mkate. Ni chakula cha watu siwezi kukisema vibaya, ila soko lilipokua kule viazi vikaanza kuchimbwa huku kwetu na kuvushwa mpaka kwa magunia, na ukichimba kiazi mmea umekufa, hauchanui tena mwakani. Hiyo ni moja ya sababu kubwa watu walipiga kelele hadi uwanda ukalindwa. Kwa hiyo huwa naumia nikiona mtu kachuma fungu la maua kalishika kifuani apigwe picha. Nenda na mwongozo wa hifadhi, anajua pa kukanyaga na anajua wapi kimechanua nini wiki hiyo, atakuokolea muda mwingi sana.

Ukibahatika utamwona tandawala anatembea kwenye nyasi, ndege mkubwa mwenye shingo ndefu, na mbayuwayu wa buluu ambao wanakuja kuzaliana msimu huo huo wa mvua. Kipunji usimtegemee, yule nyani aliyejulikana kwa wanasayansi 2003 anakaa msituni huko Livingstone na Rungwe, uwandani hayupo.

Fundi Lenzi

Mwalimu nimekubali, niliandika haraka. Mimi mwenyewe nalala kwenye kingo ya njia au kwenye mwamba, na nilipaswa kusema hivyo. Mjukuu shika hii ya mwalimu: usitoke njiani, na utashangaa maua mengi yako hapo hapo ukingoni mwa njia anayopita kila mtu. Ua likiwa mbali livute kwa lenzi. Na droni usibebe bila kibali, kwenye hifadhi hairuhusiwi.

Ua la Tanga

Mdogo wangu mimi nitatofautiana na wote kuhusu kamera. Iache kwa mwenyewe. Mlimani sio mahali pa kujifunzia kamera ya watu, vidole vimekufa ganzi, mvua inanyesha, utatumia siku nzima kuhangaika na vibonyezo na maua hutayaona. Simu yako unaijua. Mimi nilienda Desemba na simu tu na picha niliyosafisha iko sebuleni mpaka leo, yale maua marefu kama mienge, juu mekundu na chini manjano, na nyuma kuna mvua inakuja.

Kitu ambacho sijaona mtu kakitaja, weka mtu kwenye baadhi ya picha. Sio wa kupozi, mtu tu anapita njiani kwa mbali. Ule uwanda ni mpana mno, bila mtu anayetazama picha hajui kama anaona bustani ya uani au nchi nzima. Nyingine piga pana, nyingine ua moja moja, na nyingine mikono ya mtu karibu na ua ili mama ajue ukubwa wake. Beba sweta mbili, koti la mvua, buti, soksi za kubadilisha na glavu zile za kukatwa vidole. Kifuniko cha simu tafuta kile cha kuzuia maji, usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea, ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Na kabla hujaondoka muulize mama anakumbuka nini hasa. Rangi gani, mlima gani, njia ipi. Usiende kupiga ya kwako ukamletea yeye.

Mjukuu wa Makete

Jamani nimerudi, na nisipowaambia nitakuwa sina shukrani. Nilienda katikati ya Februari nikalala Matamba siku mbili, simu tu, kamera niliiacha. Siku ya kwanza ukungu mtupu sikuona hata mita ishirini, nilikaa kwenye jiwe nikataka kulia. Siku ya pili saa moja na nusu ukafunguka kama mtu kavuta pazia na nikaelewa kwa nini mama miaka yote anaongea vile. Okidi za waridi, nyeupe, nyingine za rangi ya machungwa, mwongozo alikuwa ananionyesha na fimbo mbali kidogo, "hapo, na hapo, angalia usisogee". Nilipiga magoti njiani mpaka suruali ikalowa yote. Yule mwongozo nilimwomba atangulie kama hatua mia na nikampiga kwa nyuma akiwa na koti lake la njano, anaonekana kadogo katikati ya maua na milima imekaa nyuma yake.

Nimesafisha picha sita. Za ua moja moja mama alizitazama akasema nzuri mwanangu, akaziweka pembeni. Ile ya mwongozo ndiyo aliyoishika, akaisogeza dirishani, akafuata ile njia kwa kidole mpaka inapopotelea kwenye kilima, akasema hapa tulikuwa tunapita na mama yangu tumebeba viazi, peku, asubuhi na baridi hiyo. Halafu akakaa nayo mapajani hakuongea muda mrefu. Iko ukutani sasa, upande anaolalia.

Dada Ua la Tanga ulisema nimuulize kabla, na mimi nikasahau, nimeuliza baada. Anasema maua anayoyakumbuka yeye sana ni ya njano, yanakuja mvua zikiwa ndio zimeanza, kabla ya Krismasi, kilima kizima kinakuwa njano. Kwa hiyo Desemba napanda tena. Kama kuna mtu ana safari wiki ya pili ya mwezi huo na gari la kufaa, nitachangia mafuta, nitakuwa Chimala tangu asubuhi.