Tupeane uzoefu: albamu ya PJ Harvey ya 1995 ilikuingia vipi?

Wadau, mimi hiyo albamu ya huyu mwanamama wa roki, To Bring You My Love, niliizima wimbo wa kwanza haujaisha. Gitaa linazunguka palepale, taratibu, nikasema huyu kasahau kutunga sehemu ya pili. Mwaka ukapita. Usiku mmoja usingizi umekata, saa nane, nikaiwasha na kuiacha iende. Kumbe kule kuzunguka ndiko wimbo wenyewe! Bluzi ya zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi, ndivyo ilivyo, mtu anang'ang'ania kodi (chord) moja ya gitaa hadi mwili usalimu amri. Na ile sauti inayotokea chini kabisa kooni... nilisogea karibu na taa. Wenzangu je?

MKESHA: Mimi nilitokea upande wa pili, mkuu. Ni mtu wa bluzi, wa akina John Lee Hooker na Howlin' Wolf, roki nilikuwa naiona kelele. Siku nikakutana na "Down by the Water" ya albamu hii, pale mwishoni anaponong'ona habari za samaki mdogo, samaki mkubwa. Nikaganda. Maneno hayo nayajua, yamo kwenye "Salty Dog" ya Lead Belly, mkongwe wa bluzi! Huyu Harvey kakulia shambani Dorset, Uingereza, wazazi wake wakipiga santuri za bluzi, kisha kachukua kibwagizo cha utani akakitia mdomoni mwa mama aliyemzamisha mwanawe. Miaka yote naimba maneno yale nikicheka. Sasa siwezi.

PITAPITA: Mimi nakumbuka video ya wimbo huo tu, gauni jekundu ndani ya maji. Albamu ilinishinda, msinipige mawe.

MAMA WAWILI: Kwangu ni "C'mon Billy". Mwanamke anamsihi baba wa mtoto arudi nyumbani. Nilikuwa na kichanga cha miezi minne, wa kusihiwa hayupo. Nyuzi za fidla zilipoingia nikazima, nikaenda kukunja nepi. Niliusikiliza mpaka mwisho mtoto akiwa darasa la pili, na safari hiyo nilimwonea huruma zaidi yeye Billy. Sijui kwa nini.

MWENYE MADA: Pole, dada. PITAPITA, hakuna mawe, ila swali: uliisikilizia simu? "Working for the Man" kwenye spika ya simu haipo kabisa, besi yote inapotea, unabaki na mtu anayenong'ona peke yake. Vaa hedifoni, anza na huo.

PITAPITA: Ilikuwa simu. Nipe wiki moja.