Mjadala: Nani alimpa Christgau kalamu nyekundu ya kusahihisha rock?

Gitaa la Mwanjelwa (mleta mada)

Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe na popote mlipo, salaam. Naleta hoja, na najua kuna watakaotoa povu.

Kwa wasiomfahamu, Robert Christgau ni mhakiki wa muziki wa New York, mzaliwa wa 1942. Mwaka 1969 alianzisha safu iitwayo Consumer Guide katika gazeti la Village Voice. Kila albamu aliipa aya moja fupi na alama ya herufi kuanzia A+ kushuka mpaka E, kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Akajiita, kwa utani ambao watu waliuchukulia kweli, mkuu wa wahakiki wa rock Marekani. Mpaka leo ukisoma habari za albamu yoyote ya miaka ya 70, herufi yake utaikuta imekaa pembeni.

Sasa tazameni alivyowafanyia bendi ya Black Sabbath. Albamu ya kwanza, 1970: C-. Paranoid, mwaka huohuo: C-. Master of Reality, 1971: C- tena. Hata mwanafunzi mtoro huwa anabahatisha C siku moja moja.

Hawa ni vijana wa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kazini. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akarudi kwenye gitaa. Kwenye Master of Reality akalegeza nyuzi kwa nusu-toni tatu ili zisimuumize, sauti ikashuka, ikawa nzito kama tunavyoijua. Kila bendi ya metali (rock nzito) iliyokuja baadaye inakula kwenye sufuria hiyo. Wao wakapewa C-.

Hoja yangu ni hii: Christgau husikiliza kwanza maneno, utani na akili ya mtunzi. Uzito wa sauti yenyewe, ile kitu inayokutikisa kifua kabla hujaelewa neno hata moja, haumo kwenye mizani yake. Na sisi wa huku wengi tuliipenda rock kabla ya kuelewa mashairi. Kwa hiyo alama zake zinampima msikilizaji wa Manhattan, huko kwake New York. Zisitumike kama cheti cha albamu.

Nyingine: Dark Side of the Moon ya Pink Floyd aliipa B. A Night at the Opera ya Queen, bendi ya Freddie Mercury wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, B-. Ile Dark Side ilikaa wiki 741 kwenye chati ya albamu ya Billboard kati ya 1973 na 1988. Lakini sitaki kusimamia mauzo, maana kwa mauzo hata Kenny Rogers angetushinda wote humu. Nasimamia masikio.

Karibuni.

Bwana Loleza

Mleta mada, nimekusoma. Umechambua maharage ukatuletea mabovu tu. Mbona hukusema Led Zeppelin IV aliipa A? London Calling ya The Clash, A+. Nevermind ya Nirvana, A. Wish You Were Here ya haohao Pink Floyd, A-. Hapo hakuna gitaa zito? Bonham, mpiga ngoma wa Zeppelin, anapiga pale mpaka ukuta unaomba msamaha.

Na usimfanye mtu wa Manhattan tu. The Indestructible Beat of Soweto, mkusanyiko wa mbaqanga, muziki wa kucheza wa Afrika Kusini (Soweto ya Johannesburg jamani, si hii yetu ya hapa mjini), aliipa A+. Kizulu hakijui. Kwa hiyo hiyo nadharia yako ya maneno imeshatoboka.

Halafu kumbuka safu yenyewe ni mwongozo wa mnunuzi. Mwaka 1970 albamu ilikuwa sahani ya santuri, unalipa kwanza ndipo usikie. Mtu mwenye hela ya sahani moja kwa mwezi alihitaji mtu wa kumwambia bila kuzunguka: hii chukua, hii acha. Wahakiki wanaosifia kila kitu hawana faida kwa mwenye hela kidogo.

Na jamaa ana ngozi ngumu. Lou Reed, mwimbaji wa rock wa New York, alimtukana jukwaani, matusi yakatoka kwenye albamu ya moja kwa moja ya 1978. Christgau akaipa albamu hiyo C+, akamshukuru Reed kwa kulitamka jina lake sawasawa. Mtu wa hivyo namheshimu hata akikosea.

Gitaa la Mwanjelwa

Mkuu Loleza, hapo kwenye Soweto umenibana, nakubali ile ni A+ ya haki. Ila mbaqanga inachezeka, na huyu bwana akipata kitu cha kuchezea miguu anayeyuka. Sabbath huchezi. Sabbath unasimama. Hicho ndicho hakukielewa.

Na hoja ya santuri ni nzuri kwa 1970. Leo kijana wa Uyole akiwa na bando anasikiliza albamu nzima kabla ya kutoa senti. Mwongozo wa mnunuzi bila mnunuzi ni nini?

Mpita Njia wa Tukuyu

Napita tu wakuu. Black Sabbath ndio wale wimbo unaanza na mvua, radi na kengele? Niliuweka usiku huku mvua ya kweli inanyesha, mama mwenye nyumba akanigongea dirisha kuuliza nani kafariki. Mimi nawapa A.

Mwamba Gangilonga

Kaka zangu, nawasoma toka huku Iringa. Mnagombania herufi za mtu wa New York wakati rock ya jirani mmeiruka.

Miaka ya 70 Zambia, hapo ukivuka Tunduma tu, kulikuwa na bendi zinapiga gitaa la kukwaruza kiasi cha kumfurahisha Iommi mwenyewe: WITCH, Amanaz, Paul Ngozi na bendi yake Ngozi Family. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio zipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95, vijana wa miji ya shaba wakaitikia kwa rock yao. Zamrock. Na Watanzania walikuwemo: Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam, walirekodi albamu ya Ave Africa huko Zambia mwaka 1976, TAZARA ikiwa bado inanukia rangi. Dunia ilikuja kuisikia vizuri ilipotolewa upya miaka kama arobaini baadaye.

Wakati ule Ave Africa ilipewa herufi gani? Hakuna. Sabbath na C- zao waliuza, wakazunguka dunia, wakatukanwa na watu wanaosomwa. Kwa msanii kutukanwa na Christgau ni nafuu kuliko kutofika mezani kwake kabisa. Ndiyo maana hizi hasira za C- sizielewi vizuri.

Bwana Loleza

Dada Gangilonga, hapo nakupinga kidogo. Mhakiki hahukumiwi kwa sahani ambayo haikumfikia. Waulize wahakiki wetu wa magazeti ya wakati ule walikuwa wapi.

Mwamba Gangilonga

Ndiyo hasa ninachouliza. Tena simuulizi yeye, nauliza ninyi. Mbeya kuna wapiga magitaa wa kwaya wanaoweza kukueleza kwa nini solo fulani imekaa sawa na nyingine imelegea, na hakuna anayeandika hata mstari. Sikilizeni Ave Africa wiki hii, kila mtu alete aya moja. Herufi tuache.

Gitaa la Mwanjelwa

Aya nitaleta, dada. Ila herufi naweka, siwezi kumlaumu mtu mwaka mzima halafu ninyimwe kalamu.

Bwana Loleza

Kumbe shida ilikuwa kalamu!